Jumamosi Nne za Filamu Huru Shangani, Mtwara

Katika Jumamosi nne mfululizo nimekaa katika ukumbi mdogo ulioko Shangani, mjini Mtwara, nikitazama filamu huru ambazo hazijapata kufika katika banda umiza lolote, yaani ukumbi wa video wa mtaani, ninalolijua hapa kwetu. Filamu huru ninazokusudia ni zile zilizotengenezwa nje ya makampuni makubwa ya burudani, mara nyingi kwa ruzuku na michango ya kuungaunga, na ambazo mwongozaji wake alikuwa na jambo la kusema kabla hajawa na mtu wa kumuuzia. Filamu za namna hiyo huanza safari zake katika matamasha ya Zanzibar, Berlin au Toronto, zikasifiwa na wajuzi, kisha nyingi huishia makabatini. Kwa hiyo habari kwamba kuna watu wameamua kuzileta Mtwara, tena kwa kiingilio cha shilingi 3,000, niliipokea kwa furaha kubwa. Ninaandika tathmini hii kwa sababu kazi hiyo ni njema mno kuachwa na kasoro ambazo zinaweza kuondolewa katika muda wa wiki moja.

Ukumbi wenyewe unaingiza watu wasiozidi 80. Viti ni vya plastiki, ukuta wa mbele umepakwa rangi nyeupe badala ya kutundikwa pazia, na projekta imewekwa juu ya dawati la shule lililoinuliwa kwa matofali. Feni nne za dari zinafanya kazi, jambo ambalo kwa mtu wa pwani si dogo. Ratiba inasema saa mbili usiku, lakini onyesho huanza baada ya watu kutoka kuswali Isha na kutembea hadi ukumbini, yaani karibu saa mbili na nusu, na ni heri waandaaji waandike saa hiyo kuliko kuwakalisha bure wanaofika mapema. Nje ya mlango hukaa mama mmoja anayeuza korosho za kukaanga na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha. Hakuna anayezuiwa kuingia na chakula chake, ila mnaombwa msitupe maganda chini ya viti, na nimeliona ombi hilo likiheshimiwa.

Onyesho la kwanza lilikuwa "Vuta N'kuvute", filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo. Ni hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza: Yasmini, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri, anaikimbia ndoa yake, na katika maisha mapya anakutana na Denge, kijana ambaye siasa za kupinga ukoloni zimemweka machoni mwa polisi. Waliosoma kidato cha tano na cha sita wanaijua riwaya hii, kwa kuwa imekuwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vya ngazi hiyo, na nilimsikia kijana aliyekaa nyuma yangu akimtajia mwenzake tukio linalofuata kabla halijafika. Alikosea mara mbili. Shivji hakujaribu kubeba kitabu kizima. Amechagua mapenzi ya wale wawili na hatari inayoyazunguka, akayapa nafasi ya kupumua, na mengine akayaacha kwa msomaji. Mwajuma, anayeigizwa na mwimbaji Siti Amina, ndiye aliyenivutia kuliko wote, maana kila anapoingia chumbani hadithi inapata joto, na pale anapoimba hata wale waliokuwa wakiangalia simu zao waliinua vichwa.

Lawama yangu kwa filamu hiyo ni moja. Denge amefanywa mpole na mkimya kiasi kwamba mtazamaji ambaye hakusoma riwaya anajua kuwa kijana huyu anawindwa, lakini hapati kujua kwa undani yeye na wenzake walitaka nchi ya namna gani. Uzuri wa picha, na kwa hakika ni picha nzuri sana, hauwezi kulipa pengo hilo lote. Lawama kwa ukumbi ni nzito zaidi. Spika zote mbili zilikuwa zimewekwa mbele, chini, zimefunguliwa besi kama za mkesha wa harusi, na Kiswahili cha Unguja kinachosemwa kwa kunong'ona kikamezwa na feni. Hii ilikuwa filamu pekee katika mfululizo mzima ambayo haikuhitaji mtafsiri kabisa, filamu ya lugha yetu wenyewe, nasi tuliokaa viti vya nyuma tulikuwa tukiyasoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha ili kujua Mzanzibari amesema nini. Katika Jumamosi ya tatu nilikuta spika moja imehamishiwa katikati ya ukumbi na besi imepunguzwa, na ninawashukuru waandaaji kwa kusikia.

Ya pili ilikuwa "Supa Modo" ya mwaka 2018, kazi ya Mkenya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa mchana kwa ajili ya watoto. Msichana mdogo, Jo, anaumwa ugonjwa usio na tiba, anarudishwa nyumbani kutoka hospitali, na kijiji kizima kinashirikiana kumfanya aamini kuwa ana nguvu za ajabu. Haichoshi hata kidogo kwa dakika zake 74. Watoto waliielewa bila msaada, isipokuwa pale mazungumzo yalipoingia Kikikuyu na Kiingereza, na watu wazima walitoka wakifuta macho. Ndani ya hadithi hiyo mna kijana mwenye banda la video la kijijini, na watoto wa Mtwara walimshangilia kama mtu wa mtaani kwao.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya "Das leere Grab", jina la Kijerumani lenye maana ya kaburi lililo tupu, filamu ya makala ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay pamoja na Mjerumani Agnes Lisa Wegner. Inahusu Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kushiriki Vita vya Majimaji, ambaye kichwa chake, kwa maelezo ya ukoo wake, kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kitukuu wake mmoja, ambaye ni wakili, anakitafuta pamoja na mkewe, ambaye ni mwalimu. Sambamba nao, filamu inaufuata ukoo wa Kaaya wa Meru, unaomtafuta chifu wao, Mangi Lobulu, aliyenyongwa mwaka 1900.

Sijui kama kuna mahali panapostahili kuonyesha filamu hii kuliko huku kusini. Majimaji ilianzia katika vilima vya Umatumbi, vilivyomo katika Mkoa wa Lindi wa leo, mwezi Julai 1905, na kabla mwaka haujaisha moto ulikuwa umefika Masasi na Songea. Watu wengi waliokuwa ukumbini wana simulizi ya familia inayogusa vita hivyo. Waongozaji wanaielewa hali hiyo. Hawaharakishi, wanaiacha kamera ikae barazani na wazee hadi ukimya uanze kusema, na wanamwonyesha mwalimu yule akiwa na uchovu wa kweli wa mtu anayefuatilia jambo ofisi kwa ofisi. Sikuona mwigo wa majonzi mahali popote. Safari inapofika Berlin, wenzetu wanajikuta mbele ya watu wenye adabu, wenye maneno ya pole, na wasio na jibu. Ilipoonekana Berlin, sauti moja kutoka viti vya pembeni iliuliza, "Na mjusi wetu je?", na ukumbi mzima ukaguna kwa pamoja, kwa kuwa hakuna mtoto wa shule wa Lindi na Mtwara asiyesikia habari za mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na watu hadi bandari ya Lindi, na leo imesimamishwa katika makumbusho ya jiji hilo kwa kimo cha zaidi ya meta 13. Filamu haisemi habari ya mjusi. Hadhira ndiyo iliyoiongezea sura yake.

Lakini usiku ule mtafsiri wa ukumbi, anayetugeuzia maneno ya filamu kwa Kiswahili papo hapo, hakufika, na hapo ndipo onyesho lilipovunjika. Sehemu za Songea na Meru, ambazo ni za Kiswahili kwa kiasi kikubwa, zilisikika na kueleweka. Sehemu za Ujerumani zilikuwa na maandishi ya tafsiri ya Kiingereza tu, yanayopita upesi, na yaliyofichwa nusu na vichwa vya waliokaa mbele kwa sababu picha imeshushwa mno ukutani. Matokeo yake yalikuwa ya kuumiza: tulimsikia Mtanzania akiuliza babu yake yuko wapi, lakini wengi wetu hatukujua amejibiwa nini. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami alimwuliza mjukuu wake, "Wamesemaje hao?", na mtoto akamjibu kwa unyenyekevu, "Sikuwahi kusoma yote, Bibi, yamepita." Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa; itakuwa jambo la ajabu ikiwa watu wa kusini watapewa habari ya ombi hilo kwa lugha isiyo yao, ndani ya ukumbi wao wenyewe.

Niliingia katika Jumamosi ya nne nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa filamu ya usiku huo ilikuwa ngumu kuliko zote kwa lugha, kwa umri na kwa maudhui. "Mueda, Memória e Massacre" ilipigwa na Ruy Guerra mwaka 1979, na hutajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Msumbiji huru. Guerra alizaliwa Msumbiji, akajijengea jina Brazili, kisha akarudi kuisaidia nchi yake mpya kuanzisha sinema. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imejaa Kireno, na ina nyimbo na sauti za Kimakonde. Inahusu tarehe 16 Juni 1960, siku ambayo Wamakonde walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa Kireno pale Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, wajumbe wao Kibiriti Diwane na Faustino Vanomba, waliokuwa wametokea huku Tanganyika, wakitaka kuzungumza habari za uhuru. Mkutano uliishia kwa risasi. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, imekuwa ikisema kuwa waliouawa walizidi 600, na watafiti wengine wametaja idadi ndogo zaidi. Filamu haisimami kuhesabu.

Inachofanya ni kitu ambacho sijakiona katika filamu nyingine yoyote. Baada ya uhuru, watu wa Mueda walizoea kuigiza tukio hilo kila mwaka, wao wenyewe, mahali palepale, mbele ya jengo lilelile. Guerra aliichukua kamera akaingia nayo katikati ya umati wa maigizo hayo. Kwa hiyo hujui vizuri nani ni mwigizaji na nani ni mtazamaji, maana mtu aliyesimama pembeni akicheka mwanzoni ndiye anayekimbia milio ya bunduki mwishoni. Mtawala wa Kireno na maofisa wake wanaigizwa na Waafrika, kwa kuwakuza na kuwakejeli, kwa mwendo wa kujivuna na sauti ya kufoka. Katikati ya maigizo wanaletwa watu walioyashuhudia mauaji, wanazungumza wakiitazama kamera, kisha tunarudi katika uwanja wa maigizo. Mchanganyiko huo ungeweza kuwa fujo. Kwa mikono ya Guerra unakuwa namna ya kukumbuka ambayo mtu yeyote aliyekulia karibu na mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, anaitambua mara moja, ambapo kinyago kinachekesha na kutisha kwa wakati mmoja, na watoto wanaokikimbia ndio haohao wanaokifuata nyuma.

Robo saa ya kwanza iliharibiwa na mtu wa projekta. Filamu ya zamani kama hii ina picha inayokaribia mraba, na yeye alikuwa ameitanua ijaze ukuta wote, hata nyuso za watu zikawa pana kama zimekandamizwa na magari yakawa marefu kupita kiasi. Mzee mmoja alinyanyuka akaenda kumwambia kwa upole, "Mwanangu, hawa watu si wanene hivyo," na picha ikarekebishwa. Mistari meusi iliyobaki kushoto na kulia haikumsumbua mtu, na waandaaji waizoee, kwa kuwa filamu nyingine za umri huo zitadai hivyohivyo.

Mtafsiri, ambaye mjini kila mtu humwita DJ, safari hii alikuwapo. Ni kijana hodari, aliyelelewa na kazi ya mabandani, ile kazi ambayo mtafsiri wa filamu Lufufu aliipa umaarufu nchini: anakaa pembeni na maikrofoni, anasoma maandishi ya Kiingereza, na papo hapo anayageuza kuwa Kiswahili kinachosemwa mtaani. Sauti yake inabadilika kwa kila mhusika. Alipomfanya mtawala wa Kireno azungumze kama karani mkali wa mnada wa korosho, watu walicheka kicheko ambacho naamini waigizaji wa Mueda wangekifurahia. Shida ilianza walipoingia mashahidi. DJ aliendelea na mwendo ule ule wa filamu za ngumi, akijaza kila nafasi ya ukimya kwa neno la kwake, hata pale ambapo mtu aliyeponea chupuchupu alikuwa amenyamaza kwa sababu hakuweza kuendelea.

Kisha umati ndani ya filamu ukaimba kwa Kimakonde. Maandishi hayakuwapo. DJ akakwama. Kutoka safu ya tatu, bibi mmoja akaupokea wimbo kwa sauti ya chini, akaimba nao beti mbili, halafu akatueleza kwa Kiswahili maana yake, bila kugeuka kumtazama mtu yeyote. Alisema kuwa Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma si sawa kabisa na cha Newala, lakini yeye alizaliwa na mama wa huko na alivukishwa mto akiwa mgongoni. Kuanzia hapo DJ alizima maikrofoni kila Kimakonde kiliposikika, akamwachia bibi. Sijawahi kuona onyesho likigeuka namna ile. Wazee wawili wakaongeza kumbukumbu zao za miaka ya kambi ya FRELIMO ya Nachingwea, kwa maneno mafupi, wakati picha ikiendelea, na hakuna aliyewanyamazisha. Milio ya bunduki ilipoanza na watu wakatawanyika uwanjani, ukumbi ulikuwa kimya hata feni zikasikika.

Nilizungumza na DJ baadaye, nje, wakati watu wakitafuta bajaji. "Kaka, filamu nimepewa saa kumi na mbili jioni," aliniambia. "Sikuwahi hata kuimaliza mara moja." Nalisema waziwazi kwa waandaaji: kosa si la kijana huyu. Mtu anayetegemewa kubeba filamu nzima mdomoni hawezi kukabidhiwa filamu hiyo saa mbili kabla ya onyesho, akalipwa, kama alivyonieleza, pungufu ya yule aliyekodisha jenereta. Apewe nakala siku mbili au tatu mapema. Aitazame na mtu anayejua habari zake. Aandike mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza.

Ninajua kuna wapenzi wa sinema wanaoamini kwamba filamu ya sanaa haipaswi kuguswa na sauti ya mtu mwingine, na kwamba maandishi chini ya picha yanatosha. Kwa hadhira yenye kusoma Kiingereza upesi hoja hiyo ina nguvu. Kwa Mtwara haina. Kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam liliwahi kutengeneza filamu fupi, "Tenzi za Sinema" ya mwaka 2023, inayowafuata watu wa mabandani na watafsiri wakiiandaa "Maangamizi", filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya mwaka 2001, ionyeshwe kwa watu wa mitaani. Ningependa filamu zote mbili ziletwe hapa, ziwekwe usiku mmoja, na DJ wetu akae kiti cha mbele siku hiyo kama mgeni.

Mengine ni ya haraka. Picha iinuliwe nusu meta ukutani ili maandishi yasizibwe na vichwa. Choo kipo kimoja tu na hakina taa, jambo ambalo linawafanya akina mama waondoke kabla ya mwisho. Jenereta isogezwe nyuma ya ukuta wa pili, kwa kuwa umeme ulikatika katika Jumamosi ya tatu na tulimaliza Songea kwa mngurumo. Kiingilio kisipandishwe.

Waandaaji wametangaza kuwa filamu ya Mueda itarudiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, ili wazee wa Mikindani na Naliendele wapate kurudi nyumbani kabla ya giza. Nakala amekwisha kupewa DJ. Yule bibi wa safu ya tatu ameombwa akae pembeni yake, na ameletewa kiti chenye mto.